Barafu katika Mtungi wa Maziwa

Gari la maziwa kutoka Modogashe huingia Garissa mwendo wa saa nne, jua likiwa limeshaanza ukali wake. Kwa miaka mingi nilikuwa nikitoroka ofisini kidogo kwenda kulipokea sokoni, nikitafuta mtungi mmoja tu kati ya ile yote iliyofungwa kwenye keria: wa plastiki, wa manjano, wa lita tano, wenye kitambaa chekundu kwenye mpini. Ulikuwa wa mama yangu. Nikiufungua, moshi ulinifikia kabla ya maziwa, kwa sababu mama huvifukiza vyombo vyake kwa kijinga cha mti wa porini mpaka maziwa ya ngamia yashike harufu ile. Kikombe cha kwanza nilikinywa papo hapo, nimejibanza nyuma ya lori la watu, kitambulisho cha kazi kikining'inia shingoni. Anayetaka kucheka na acheke. Harufu ile ndiyo kwetu.

Mimi nina nyumba hapa mjini, mtaa wa Waberi. Nina mfereji ndani, stima, friji, na feni inayozunguka juu ya kitanda. Mama alikuwa na ngamia wake, upande wa Modogashe. Kila nikimpigia simu nilimwambia aje tuishi pamoja, na kila mara alinijibu vile vile.

"Hooyo, nikija huko, wanyama nimwachie nani?"

Kwetu mama humwita mwanawe kwa neno lile lile ambalo mwana humwitia mama, kwa hiyo tuliitana hooyo, hooyo, huku tukigombana. Nilikasirika, nikakata simu, kisha nikapiga tena kabla chai yangu haijapoa. Nilimtaka. Nilimtaka jikoni kwangu akinilaumu kwa chumvi, nilimtaka mkekani akinisuka nywele, japo nywele zenyewe zimeanza mvi. Katika kila swala nilimwomba Mungu amlete.

Kisha mvua ikakosa kuja, na msimu uliofuata ikakosa tena. Mtungi ukaanza kuja nusu, halafu robo. Siku moja dereva, mtu wa Isiolo ambaye lugha yetu naye ni Kiswahili tu, alinikabidhi mtungi ukiwa mwepesi.

"Dada, leo hakuna kitu ndani. Lakini mama mzee amesema lazima mtungi ifike."

Nilimpigia mama. Akasema hakutaka gari lipite hivi hivi, nami nikae pale sokoni nikitazama mitungi ya wenzangu.

Sikuwahi kuurudisha mtungi ule peke yake. Niliutuma pamoja na majani ya chai, au sukari, au tende wakati wa Ramadhani. Siku hiyo, jinsi joto lilivyokuwa, sukari niliiona haina maana. Niliutia maji ya mfereji, nikaacha nafasi juu ili usipasuke, nikaulaza ndani ya friji, kule kwenye barafu. Kesho yake niliufunga kwa gunia na shuka kuukuu, nikampa dereva, nikarudi kazini nimejaa furaha.

Jioni simu ililia. Mama hakunisalimia hata.

"Nani ametia maji kwenye chombo changu cha maziwa?"

Lo! Hilo halikunipitia akilini. Kwa wanawake wa maziwa hakuna aibu kubwa kuliko maji ndani ya mtungi. Anayeshukiwa hivyo huona afadhali aitwe mwizi. Mama alinisomea makosa yangu yote, tangu utoto mpaka siku ile. Akianza hakatizwi. Alipochoka alivuta pumzi.

"Lakini kulikuwa bado na kipande ndani, kinagongagonga," akasema, sauti imeshuka. "Maji yake nimeloweshea shuka, nikaliweka shingoni. Wallahi, hooyo, nimelala mchana."

Tangu joto lile lianze hakuwa amepata usingizi wa mchana.

"Tuma tena," akasema. "Maziwa ya kuharibika yako wapi?"

Basi ile friji, ambayo nilizoea kuilaani kwa kelele zake, nikaanza kuipenda. Niliipangusa, nikaisemesha. Stima ikipotea nilikaa mbele yake roho juu, nikiwafokea wanangu wasifungue mlango. Mjini tulilalamikia vumbi na bei za vitu, na kwa kweli yalikuwepo ya kulalamikia. Lakini kila nikisikia mfereji ukimimina ndani ya mtungi ule, nilisema alhamdulillahi kwa sauti. Mtungi ulienda na barafu, ukarudi mtupu, na kila uliporudi moshi ulikuwa umepungua. Mimi niliunusa vivyo hivyo.

Siku gari lilipokuja bila mtungi wangu kwenye keria, nilimwendea dereva kwa hasira. Alifungua mlango wa mbele. Mama alikuwa ameketi pale, mtungi mapajani, ameukumbatia kwa mikono miwili.

"Yule ngamia jike wa mwisho ameanguka jana, hakuinuka tena," alisema. "Sasa nimekuja."

Nililia pale sokoni bila haya. Nilikuwa nimeomba aje. Sikuomba aje hivyo.

Nyumbani nilimfungulia kila kitu: feni, mfereji, friji. Kila kimoja alikishukuru kwa jina la Mungu, na si kwa adabu tu. Mpaka leo mfereji anaufunga kikombe hakijajaa. Joto likizidi anafungua mlango wa friji, anaweka uso pale, ananiita tusimame pamoja. Nami niliyewafokea watoto nasimama. Kichwa chake kinanifikia begani siku hizi. Ananukia sabuni yangu.

Asubuhi moja niliamshwa na moshi, nikadhani nyumba inaungua. Nilitoka uani mbio, nikamkuta amechuchumaa, kijinga amekipata sijui wapi, anaelekeza moshi ndani ya mtungi.

"Hooyo, unafukizia nini, na ngamia hatuna?"

"Mtungi unanuka maji," alisema bila kuinua macho. "Nikipata mwingine nitamkamulia wapi?"

Nilichuchumaa kando yake, nikashika mtungi usiyumbe, moshi ukatuingia machoni sote wawili. Sasa unakaa juu ya kabati, mkavu, kitambaa chake kimefuliwa. Gari la maziwa likipiga honi barabarani, mama huutazama mpaka lipite.

Mama niliyemwomba kwa miaka yote hiyo ninaye, amelala chumba cha pili chini ya feni. Bado naomba kila swala. Namwomba Mungu ampe ngamia mmoja tu, wa kumrudisha kwao.