Tumbo la Baba, Somo la Mama Mkubwa

Baba alistaafu upolisi, akahamia kwangu Kisugu, na tumbo lake likastaafu naye. Siku ya nne bila choo nilimpeleka kliniki. Daktari akambonyezabonyeza, akasema hakuna hatari: anywe maji, ale mboga, atembee, na maumivu yakizidi au akitapika arudi mara moja. Baba alimsikiliza amesimama wima. Tulipofika nyumbani akarudi kwenye kiti chake.

Nikampigia simu Mama Mkubwa, dada wa marehemu mama, anayefundisha watoto Kurani na kuwakanda matumbo yakifunga. Hakuwa amesema na Baba tangu mama alipoolewa na askari Mkristo kutoka kaskazini. Nilimweleza shida yenyewe. Akauliza, "Siku ngapi?"

Kesho yake asubuhi alifika. "Hujambo, shemeji."

"Sijambo. Lakini tumbo iko kama jiwe."

Dini haikumruhusu kumgusa. Kwa hiyo nililazwa mkekani mimi, na gauni langu, mtu mzima wa miaka arobaini na mmoja.

"Anzia chini, upande wa kulia, karibu na nyonga," alisema, mkono wake ukinipita tumboni. "Panda mpaka kwenye mbavu. Vuka. Teremka kushoto. Polepole, hukandi chapati. Na usifanye ukiwa umeshiba."

"Kushoto yake ama yangu?" Baba akauliza.

"Ya mwenye tumbo."

Baba akajilaza kwenye kochi, akaanza kujisugua huku akihesabu kwa sauti ya gwaride. Mama Mkubwa alimpa mgongo, akatazama dirishani.

"Ya sita umeikimbiza," alisema.

Baba akairudia ya sita.

Alikuja siku tatu mfululizo kusimamia. Siku ya tatu Baba alichelewa chooni. Alipotoka alinawa mikono, akaja kusimama mbele ya Mama Mkubwa.

"Kazi imeisha."

"Alhamdulillahi."

Nilidhani yamekwisha. Lakini Baba hakuondoka. "Kila Idi dada yako alikuwa anaweka sahani yako mezani," alisema. "Mpaka ile ya mwisho."

Mama Mkubwa alikunja ushungi wake, akaukunjua. Akaniuliza kama kuna chai. Nikaenda kuchemsha, nikaacha ichemke zaidi ya inavyohitaji.

Siku hizi huja kila Jumanne na papai. Baba anashikilia kwamba papai halikusaidia chochote. Analila lote.