Kang Yayat Atafuta Kura ya Pili

Hebu mwone Kang Yayat, yaani kaka Yayat, anavyoingia ofisini asubuhi ile, hapa mjini Bandung, manyunyu yakimchuruzika kwenye koti la pikipiki, mkononi mfuko wa bala-bala za moto, zile bajia za mboga, na pilipili zake mbichi. Anatabasamu kama mgombea ubunge. Lakini aliyekuwa anagombea si yeye. Ni Vim, kihariri chake, ile programu anayoitumia kuandikia programu nyingine tangu yuko chuo.

Kila mwaka ofisi yao hupiga kura kuona kihariri gani kina wapenzi wengi. Siku zote ulikuwa mzaha tu. Mwaka huu Teh Rengganis, yaani dada Rengganis, mkuu wao, akaweka sharti: kisichofikisha kura mbili kinaondolewa kwenye mashine zote, maana amechoka kufundisha wageni vihariri chungu nzima. VS Code ilikuwa na karibu ofisi yote. Vim ilikuwa na Yayat peke yake.

"Kula, Gilang, kula," Yayat alimsogezea mfuko jirani yake wa meza.

"Kang, hii rushwa."

"Rushwa gani? Chai ya asubuhi hii!"

"Basi nakula, ila kura sikupi. Siku ile nilikaa kwenye Vim yako nikashindwa kutoka, mpaka nikachomoa waya!"

Wakaangua kicheko. Yayat naye alicheka. Vidole vyake havikujua njia nyingine. Hata akimwandikia mkewe kuhusu mchele, mwishoni humponyoka :wq, amri ya kuiambia Vim ihifadhi na kufunga. Kwingine kote alama hizo hubaki hapo hapo, kama punje ya wali kidevuni.

Mara simu zote zikalia. Ujumbe wa Teh Rengganis kwenye kundi la ofisi: "Kura saa nne. Asichelewe mtu. :wq"

Gilang akageuka polepole.

"Kang, umeingiaje kwenye simu ya Teh Rengganis?"

"Mimi? Mikono yote mafuta!"

Mlango wa kioo ukafunguka. Rengganis alisimama pale, uso umemwiva.

"Vim natumia nyumbani tu," alisema.

"Nyumbani tu!" Gilang alipiga meza. "Kama mtu anayekula jengkol, zile mbegu zinazonukisha mdomo, kwa siri, halafu anatafuna pipi ya mnanaa!"

"Mkubwa akisema anapenda kitu, nyote mtajifanya mnakipenda. Ndiyo maana nilinyamaza."

Saa nne ikafika. Zilipoitwa kura za VS Code, mikono ilijaa hewani. Ikaitwa Vim. Yayat akanyoosha wake, macho sakafuni, hataki kumtazama mtu. Akasikia watu wanapiga kelele. Kuinua kichwa, Rengganis naye kanyoosha wake.

"Teh, refa hachezi!"

"Refa naye ana vidole, Gilang."

Yayat akaruka, akamkumbatia Gilang kwa nguvu huku kijana analalamika mbavu zake. Sharti la Rengganis, kura ya Rengganis. Wewe ungekuwa mhesabu kura siku ile, ungeihesabu?