Mkeka Usiokunjika

Mwalimu yule aliingia nyumbani kwangu na viatu, akaukanyaga mkeka wa mamangu kuanzia pindo hadi katikati, akasimama hapo akitabasamu na kusema, "Habari yako, shosho."

Nilikuwa nakuna nazi. Sikuinuka kwenye mbuzi. Nilimwambia, "Shosho ni wa kwenu bara. Hapa mimi ni bibi, na kabla ya bibi kuna shikamoo, na kabla ya shikamoo kuna viatu. Toka ukaanze upya."

Nilidhani atanuna. Hakununa. Alirudi mlangoni akavua viatu vyake vya kamba, kazi iliyochukua muda kwa kuwa kamba zilikuwa ndefu, akaingia miguu mitupu. "Shikamoo, bibi." Nikaitikia marahaba. Kisha, badala ya kukaa kwenye kiti nilichomwonyesha, alipiga magoti akaanza kuupapasa mkeka kama mtu anayetafuta sindano.

"Huu umetengenezwa wapi, bibi?"

"Haukutengenezwa, ulisukwa. Aliusuka mamangu, Mungu amrehemu. Na hauuzwi."

"Sitaki kununua. Nataka kuutazama tu."

Alikuwa mwalimu mgeni wa sanaa katika shule ya upili ya wasichana anayosoma mjukuu wangu, hapa Msambweni. Msichana mdogo, bado ana uso wa mwanafunzi. Mjukuu wangu nimemlea mimi. Mamake yuko Saudia anafanya kazi katika nyumba za watu, na karo inatoka huko. Wakati huo mtoto alikuwa kidato cha pili, na mwisho wa muhula walitakiwa wachague masomo ya kuendelea nayo. Mimi nilikuwa nimeshachagua biashara. Yeye alikuwa ameshachagua kuchora. Mamake alisema kwenye simu, "Mama, amua wewe, mimi niko mbali." Basi niliamua, na mle ndani tukawa tunapitana kama wapangaji. Nilipomwona mwalimu nilijua nani amemtuma.

"Bibi, huyu mtoto ana kipaji noma," alisema.

"Mimi niliacha shule darasa la tatu, nimeishi kwa muhogo na nazi. Muhogo nauona, nazi naiona. Huko kuchora kunafanya kazi gani? Mtu akishachora, kisha?"

"Kisha watu wanaangalia."

"Na wakishaangalia?"

Shemeji yangu, ndugu ya marehemu mume wangu, alikuwa barazani akingoja chai, na masikio yake hayajazeeka. Akadakia kutoka nje, "Muache achore, shemeji. Malori ya Samburu, kule barabara kuu, yanataka mtu wa kuyaandika nyuma. Atakwenda nayo akiandika mpaka Mackinnon Road." Akacheka peke yake.

Nilimpa mwalimu sharti langu. "Kabla shule haijafungwa, anionyeshe kitu kimoja alichokichora kwa mkono wake, kiwe na faida kwa mtu asiyemjua. Si cha kutundika ukutani watu wakasema vizuri, vizuri, wakaenda zao. Na asichore kiumbe chenye macho, hilo kwangu halina mjadala. Akiweza, aendelee na kuchora kwake. Akishindwa, ni biashara, na wewe usirudi hapa kumwombea."

Mjukuu alikuwa amejificha nyuma ya pazia la chumba. Niliona vidole vya miguu yake vikijikunja.

"Sawa, bibi," mwalimu akasema. "Lakini kwanza nipe Jumamosi moja niwatoe nje. Hawa wasichana wanajua sanaa ya kwenye kitabu peke yake."

"Nje wapi?"

"Ukunda na Diani."

Nilimwambia nitakuwa ndani ya basi. Sikumwomba, nilimwambia.

Nilikaa kiti cha mbele na mwavuli wangu, tayari kwa lolote. Nilitarajia kuonyeshwa mambo ya aibu hotelini. Lakini kituo cha kwanza kilikuwa Kona ya Musa, pale Ukunda, mbele ya bucha, ambako fundi alikuwa juu ya ngazi akichora ng'ombe juu ya mlango. Mwalimu aliwapanga wasichana ng'ambo ya barabara, makondakta wakiwapigia miluzi hadi nilipowaonyesha mwavuli.

"Msimwangalie fundi," aliwaambia. "Waangalieni watu. Nani anageuza shingo, nani anasimama."

Tulisimama juani. Baada ya muda mama mmoja mwenye kikapu akapita, akamtazama yule ng'ombe, akapunguza mwendo, akaingia.

"Mmeona?" mwalimu akasema. "Picha imemwingiza mtu ndani."

"Ameingia kwa kuwa anataka nyama," nikasema.

"Na bucha hapa iko moja tu, bibi?"

Ziko tatu, zimefuatana. Nikafungua mwavuli.

Diani tulishukia kwa wachongaji, wale wenye vibanda kando ya barabara ya hoteli. Mmoja wao alikuwa ametandika mkeka mbele ya vinyago vyake, mkeka mzuri. Watalii wawili wakaja, wakapita juu yake na viatu vyao vya mchanga. Mchongaji alikunja uso, akaukunjua, akawakaribisha. Mimi sina biashara pale, nikasema kwa sauti, "Hawa nao hawakulelewa."

Wasichana walicheka. Mjukuu wangu hakucheka. Alinitazama mimi, akatazama miguu ya wale wageni, akatazama mkeka. Tangu hapo ikawa ni miguu tu. Tuliingia hoteli moja kwa ruhusa ya meneja kuona michoro iliyofunika kuta kutoka chini hadi dari. Wenzake wameinua vichwa, yeye ameinamisha chake.

"Umemleta aone sanaa," nilimwambia mwalimu, "naye anatazama sakafu."

"Mwache, bibi," akasema taratibu. "Kuna kitu ameona."

Kazi aliyowapa baadaye ilikuwa hii: kila mmoja atafute mahali ambapo watu hupita kila siku, aombe ruhusa kwa mwenyewe, achore hapo kitu kitakachobadilisha namna watu wanavyopita. Mjukuu wangu alichagua veranda ya zahanati ya kijijini. Ni veranda ya saruji tupu, pana, na kina mama wa kliniki huketi chini pale na watoto wao wakingoja kuitwa. Muuguzi alikubali, mradi wafanye kazi siku ambazo zahanati imefungwa. Rangi ya sakafu mwalimu aliitafuta yeye.

Sikwenda kutazama. Nilisema nitakiona kikiisha. Habari nilizipata kwa shemeji, ambaye hana kazi siku za mwisho wa juma.

"Wanapiga mistari ya chaki kama fundi cherehani," aliniambia. "Mjukuu wako amepiga magoti tangu asubuhi. Angekuwa anaswali, angekuwa ameshaingia peponi."

"Anachora nini?"

"Mistari, shemeji. Mistari juu ya mistari. Hata malori hayatamtaka."

Nililala vibaya. Nilitaka biashara, ndiyo, lakini nilimjua mtoto yule. Akishindwa mbele ya mwalimu wake angevunjika, na sharti nilikuwa nimeliweka mimi, na mimi neno langu silirudishi.

Jumapili iliyofuata mawifi zangu walikuja kutoka Lungalunga. Nikaenda kuutandika mkeka wa mamangu, mkeka haupo. Sikuhitaji kuuliza. Niliwaacha wageni na chai, nikafunga leso kiunoni, nikashika njia ya zahanati, nikipanga maneno nitakayosema.

Nilifika nikaukuta umetandikwa katikati ya veranda, juu ya saruji, hakuna mtu. Ukili mwekundu, ukili wa zambarau, ukili wa kijani, pindo jeusi, na pale pembeni palipofumuka zamani mamangu akapashona kwa uzi wa nyavu. Wameuacha hapa uokote vumbi, nikasema moyoni. Nikavua ndara, nikapanda, nikainama kwenye pembe niukunje.

Kucha zikakwaruza saruji.

Nikajaribu pembe ya pili.

"Bibi," sauti ikasema.

Mjukuu wangu alikuwa amesimama kwenye ukingo wa veranda na brashi zinazochuruzika maji. Kwapani alikuwa na mkeka wa mamangu, umekunjwa na kufungwa kamba. Mwalimu alikuwa nyuma yake, mkono mdomoni. Nami nilikuwa nimeinama, miguu mitupu, nimeshika pembe ya kitu ambacho hakipo, juu ya rangi iliyokwisha kukauka.

Niliinuka taratibu, nikatengeneza leso.

"Uliomba ruhusa kuuchukua huo?"

"Hapana, bibi. Nisamehe. Nilitaka niufuatishe."

"Upeleke nyumbani. Wageni wamekaa kwenye viti vya kuazima."

"Lakini bibi," mwalimu akasema, na sauti ilikuwa inamtetemeka kwa kicheko au kilio, sijui, "si umeona?"

"Mimi nina mtoto wa jicho. Macho yangu hayahesabiwi. Kesho ni siku ya kliniki, tutaona ya wenzangu."

Asubuhi niliwahi, nikakaa kwenye benchi lililotazama veranda. Mwalimu alikuja na mjukuu wangu, naye amevaa sare, akasimama karibu na tangi la maji kama mtu anayesubiri hukumu.

Mama wa kwanza alifika na mtoto mgongoni. Alipofika kwenye pindo alisimama, akavua kandambili moja kwa mguu wa pili, akazisogeza pembeni, akapanda, akaketi, akamfungua mtoto. Hakutazama chini mara ya pili. Wa pili akafanya vivyo hivyo. Wa tatu alikuja na dada yake, na huyu dada ndiye aliyegundua. Alipoketi alipitisha kiganja, akashtuka, akapitisha tena.

"We, huu si mkeka. Hii ni rangi."

Wakainama wote kupapasa, wakacheka, wakaitana. Mmoja alitafuta mahali ukili ulipoungana, akasema hata mshono wameuweka. Nikatazama viatu. Vilikuwa vimepangwa mstari nje ya pindo, ndara, kandambili, raba, na hakuna aliyeinuka kuvifuata. Watoto walikuwa wanatambaa.

Muuguzi alitoka na ufagio, akatazama huku na huku, akaurudisha ndani. "Kila siku ya kliniki nafagia mchanga wa viatu na watoto wanaula," aliniambia. "Leo sina cha kufagia."

Ndipo shemeji akaja kuchukua dawa yake ya presha, amevaa mabuti ya mpira ya shambani. Alinipungia mkono.

"Mimi sidanganywi," akatangaza. "Nilikuwepo tangu chaki." Akainua buti.

"Baba, viatu," akasema yule mama wa kwanza.

"Hii ni saruji, mwanangu."

"Tunajua. Viatu."

"Kama mnajua, mbona mmevua?"

"Mtoto anatambaa hapo. Na mkeka haukanyagwi na mabuti."

"Nakwambia si mkeka."

"Haya, basi kanyaga hicho ambacho si mkeka, lakini uwe miguu mitupu."

Walimcheka mpaka watoto wakaanza kulia. Alinitazama mimi nimwokoe. Nikatazama mwavuli wangu. Akashika nguzo, akavuta buti moja, akavuta la pili, na soksi yake ilikuwa na tundu ambamo kidole gumba chote kilitoka kuangalia. Akapita kwenda dirisha la dawa kwa hatua ndogo ndogo, kama bwana harusi.

Niliondoka kwenye benchi nikaenda kwenye tangi la maji. Mwalimu aliniona naja, akaanza kuinama kufungua kamba za viatu vyake, na hatukuwa hata karibu na veranda. Mjukuu wangu alikuwa ameshika sketi kwa mikono miwili.

"Pindo la upande wa mlango limepinda," nikamwambia.

"Najua, bibi. Mkono ulichoka."

"Utalinyoosha ukishaingia kidato cha tatu. Mwalimu wako atakupa rangi."

Neno likamfikia. Halafu akanikumbatia, jambo ambalo sisi hatufanyi mbele za watu, na nikamwacha. Mwalimu alikuwa amesimama na kiatu kimoja mkononi, machozi yanamtoka, akisema, "Asante, bibi, asante."

"Usinishukuru. Nilisema nikiona nitakubali. Nimeona."

Kisha nikaenda mpaka kwenye pindo, nikavua ndara zangu, nikaziweka mwisho wa mstari, nikapanda kukaa na wenzangu.