Makuti Juu ya Mabati

Mume wangu aliezeka nyumba yetu ya Mpendae kwa mabati nilipokuwa na mimba ya kwanza, na tangu siku hiyo hakutoka nje bila ya kugeuka kulitazama paa lake. Mimi nikajifungua katikati ya joto la kaskazi, nikaanza arubaini ndani ya chungu kile. Mzazi hatoki mpaka arubaini iishe. Adhuhuri hata mshumaa ulioachwa dirishani ulikuwa ukiinama.

Mama alikuja kutoka Makunduchi kunilea. Alipoiona shingo ya mtoto imejaa harara, alimwita mkwewe.

"Mwanangu, bati lako zuri, mashaallah. Lakini joto hili likiendelea, Ijumaa nnamchukua mke wako na mtoto, nnakwenda nao shamba, arubaini iishie huko."

Sikutaka kwenda. Nilimpenda mume wangu, na nyumba ile ilikuwa yangu ya kwanza. Nililia nikimnyonyesha mtoto.

Kuyaezua mabati mume wangu alikataa katakata. Akaona bora aezeke makuti juu yake, jambo ambalo Mpendae nzima ilitoka kulitazama. Fundi akafunga fito, akauliza kama mafundi wote wanavyouliza:

"Bwana, nipange vidole vingapi?"

Mume wangu amezaliwa Mji Mkongwe, chini ya dari za mawe na boriti. Hajapata kuulizwa swali hilo maishani mwake.

"Vinane," akasema.

"Vinane, bwana?"

"Vichache? Basi tia kumi. Mie si bakhili."

Fundi akatia kumi, maana nyumba si yake. Jioni paa lilikuwa kama kuku aliyenyonyolewa na mtu mwenye haraka, na joto halikupungua hata chembe. Mama alichungulia dirishani, akacheka mpaka akakaa chini.

"Vidole ni nafasi baina ya safu na safu, baba. Ukizidisha vidole, makuti yanapungua! Kwetu kuzuia mvua tunatia vitatu. Kwa jua la juu ya bati hili, tia viwili."

"Basi atie kimoja!"

"Kimoja uzito wake utamwangukia mwanao."

Wakakubaliana viwili. Alhamisi fundi akamaliza.

Ijumaa mama alifunga mizigo yake na yangu, akaiweka mlangoni. Adhuhuri akampapasa mtoto shingoni. Pakavu. Akajilaza mkekani apumzike kidogo tu, akaamka alasiri inaadhiniwa. Akaifungua mizigo. Niliangua kilio tena, cha furaha safari hii.

Harara ikapona. Arubaini ikatoka, tukasoma maulidi, wageni wakaenda zao. Mama hakwenda. Alisema kwake Makunduchi hakuna ubaridi kama ule. Na mume wangu, kwa kumstahi mkwewe, hakuweza kuingia chumbani kwetu, alimolala mama.

Wiki zikapita. Asubuhi moja alinijia mlangoni, macho mekundu kwa kulala ukumbini, akaninong'oneza:

"Mke wangu, makuti haya hayawezi kupunguzwa kidogo?"

Nikamwambia asipige kelele, mama amelala.