Mwisho wa Hadithi Umegeukia Udongo

Saa mbili asubuhi, Ndambuki ameinama kando ya kitanda cha Mzee Masinde katika mtaa wa mabanda wa Mathare, akilowesha ukuta kwa kitambaa cha maji moto. Kazi yake ni kubandika. Leo anabandua, na hana raha kabisa.

Kwa miaka tisa sasa, hadi mwaka huu wa 1978, Ndambuki amekuwa akibandika karatasi kwenye kuta za udongo za nyumba za watu ili upepo usipite kwenye nyufa. Gundi yake ni uji wa unga wa ngano. Karatasi ni majarida ya wakati wa mkoloni, yaliyoachwa na walowezi walipofunga virago. Chumba kimoja humpa shilingi kumi na tano.

Majarida hayo yamejaa hadithi fupi: mauaji, wezi wa ng'ombe, askari wa mpakani anayefuata nyayo nyikani. Ndambuki hasomi Kiingereza.

"Mimi naangaliaga picha tu," anasema. "Bunduki na farasi naweka nje. Maandishi matupu naweka ndani, yaangalie ukuta."

Hapo ndipo alipojipalia makaa.

Mwezi uliopita alibandika chumba hiki. Masinde, ambaye mguu mbaya umemlaza, alikuwa mpishi wa mzungu, na Kiingereza alikiokota jikoni. Akaanza kusoma ukuta. Mlowezi ameuawa shambani, mpishi wake ameshtakiwa, anasimama mbele ya hakimu, na ukurasa unaisha. Mwisho uko nyuma ya karatasi, umegeukia udongo.

"Wewe Ndambuki, huyu mtu wamemnyonga ama wamemwachilia?" mzee alimfokea.

"Mzee, mimi hata sikujua kuna mtu."

Mwandishi wa makala haya alipouliza kwa nini hadithi ya kubuni imkoseshe mtu usingizi, Masinde alijiinua kitandani.

"Na mimi nilishtakiwa," akasema. "Saa ya memsahib, bibi wa mzungu, ilipotea. Nikasema sijachukua. Hakuna mtu alinisikia, nikafungwa. Sasa nataka kuona kama hata kwa hadithi yao wenyewe mpishi anaweza kuaminiwa."

Ndambuki anavuta karatasi kwa kucha, polepole. Inakuja, inakuja, halafu inachanika. Nusu ya chini imebaki ukutani, imekuwa uji.

Masinde anasoma kipande kilichopona. Hakimu amevua miwani. Amemtazama mpishi. Amefungua mdomo. Basi.

Inauma. Chumba kizima kinaduwaa, mwandishi naye akiwemo, na hakuna anayejua amlaumu nani.

Ndambuki ameapa kuzunguka soko la Gikomba akitafuta nakala nyingine. Shida ni kwamba jina la jarida lilikuwa kwenye jalada, na jalada hakumbuki alilibandika nyumba ya nani.

"Siku hizi nauliza mwenye nyumba kwanza, unataka upande gani," anasema akijikuna kichwa. "Lakini wengi nao hawajui."

Anachovya brashi kwenye gundi, achukue karatasi nyingine azibe ule uwazi. Masinde anamshika mkono.

"Hapo usiguse."

"Mzee, baridi itaingia."

"Wacha iingie. Hapo ni pa huyo mpishi. Ukipata mwisho wake, njoo ubandike. Ukiniletea farasi, nitakufukuza na huu mguu wangu."

Ndambuki anautazama ukuta, kisha mkebe wake wa gundi. Anaufunika mkebe.

"Nitautafuta," anasema.