Saa ya Kompyuta ya Lebo

Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo kikuu ilikuwa katika kiwanda cha minofu ya sangara, Nyakato. Nilipewa miezi mitatu ya majaribio na kompyuta moja. Ndani yake kulikuwa na programu ya Java iliyochapa lebo za maboksi, kila lebo ikionyesha saa boksi lilipofungwa. Mzungu aliyeitengeneza alikuwa amesharudi kwao, akaacha karatasi yenye amri ya kuiwashia.

Wiki ya mwisho ya majaribio meneja aliniita. Wanunuzi wa Ulaya walikuwa wamelalamika kwamba lebo zinaonyesha 1:10, usiku wa manane, wakati kiwanda kimefungwa.

"Ndege inapakia Jumamosi," alisema. "Lebo zisipokaa sawa tunarudi kuandika kwa mkono. Na kwa mkono sihitaji mtu wa digrii."

Ilikuwa Jumatano. Mtu mwingine angeuliza wenzake. Mimi niliona lebo ziko nyuma kwa saa sita, nikafungua atlasi, nikatafuta nchi iliyo nyuma yetu kiasi hicho, nikaipata Brazili. Kwa nini kompyuta ya Nyakato ijione iko Brazili, sikujiuliza.

Nilijua kwamba Java inaweza kupewa maelezo inapowashwa: unaandika kistari, D kubwa, jina la sifa na thamani yake. Mwisho wa amri nikaongeza -Duser.timezone=EAT, yaani saa za Afrika Mashariki. Lebo ikatoka vilevile, saa sita nyuma. Nikabadilisha herufi, nikazima, nikawasha. Kompyuta haikulalamika hata mara moja, na hilo ndilo lililonitisha.

Alhamisi jioni nilisoma kitabu cha maelekezo ukurasa kwa ukurasa. Kumbe kinachoandikwa baada ya jina la programu hukabidhiwa programu yenyewe. Java husoma kilichotangulia jina tu. Programu ilikuwa imepokea maneno yangu na kuyapuuza.

Ijumaa asubuhi, zamu ilipoanza, niliyahamisha yawe kabla ya jina. Lebo ya kwanza ikasema 12:10.

Mama aliyesimamia chumba cha kupakia aliichukua akaisoma kwa sauti.

"Kumi na mbili na dakika kumi! Samaki wa jioni umewatoa wapi, na hata chai hatujanywa?"

Wanawake waliokuwa wakifunga maboksi mezani wakacheka.

"Hiyo ni saa sita mchana, mama."

"Mbona imeandika kumi na mbili? Na ile moja uliyoiondoa ilikukosea nini? Niliiweka mwenyewe."

Nilimwomba arudie.

"Kompyuta ilikuwa inasema saba, na watu ndio kwanza wanaingia zamu. Yule mzungu alishanionyesha pa kubonyeza. Nikairudisha saa moja."

"Lakini saa ya ukutani nayo mshale uko kwenye saba."

"Ile ina mishale, mwanangu, unasoma upande wa pili. Hii ina namba. Saba ni saba."

Niliisogeza saa ya kompyuta mbele kwa saa sita, nikaifuta sifa yangu. Kompyuta yenyewe ilikuwa haijawahi kutolewa kwenye saa za Marekani, kwa hiyo nilichoongeza kilikuwa kimeirusha lebo mbele kwa saa kumi na moja badala ya sita. Lebo ikasema 7:25. Tulishinda tukibandua lebo za wiki nzima na kubandika mpya.

Meneja alipokuja kuuliza tatizo lilikuwa nini, nilikuwa na maelezo ya kurasa mbili mfukoni, na cheo cha yule mama kilikuwa katika mstari wa tatu. Sikuyatoa.

"Saa haikuwa sawa," nilisema. "Sasa iko sawa."

Aliangalia maboksi, akaondoka. Jumatatu nilipata barua ya ajira.

Tangu siku hiyo mama yule hakugusa tena kompyuta. Nikimwamkia shikamoo asubuhi, huitikia marahaba, kisha huuliza mbele ya wenzake: "Namba zako zinasemaje leo?"

"Saba, mama."

"Haya. Saa moja hiyo, tuanze kazi."