Benchi la Kituo cha Mafuta

Nisipoulizwa sisemi, lakini nikiulizwa sidanganyi: Ulaya haikunipendeza. Wenzangu wa kazi ya udobi hospitalini, hapa Coon Rapids, Marekani, wanataka niseme Paris ni ndoto. Ndoto gani? Tulipanga foleni asubuhi nzima kwenda kuona picha ya mwanamke, kijipicha kama sinia ya chai, na hata hiyo sikuiona. Niliona migongo ya watu walioinua simu. Roma nako ni kuta zilizobomoka. Kwetu pia ziko, na mbuzi wanalala humo bila kiingilio. Maji ya kunywa wanauza, choo wanauza, na ukishalipa ukaingia, hakuna maji ya kuchambia. Watu waliojenga makanisa ya kugusa mawingu wameshindwa kuweka kopo.

Safari aliipanga binti yetu, akatuchukua mimi na baba yake. Kila siku ndani ya basi, mwongozaji mbele anapunga kibendera kama anaswaga kondoo. Mume wangu hakulalamika. Alikuwa na chupa yake ya kahawa chungu ya tangawizi, na finjani zake kazifunga kwenye leso ya mkononi. Nilimwambia aziache nyumbani, atamkaribisha nani? Akazipakia hivyo hivyo.

Siku moja basi likaharibika huko Ufaransa, kwenye kituo cha mafuta kando ya barabara kuu. Abiria walifoka, na binti yetu akaenda kugombana na mwongozaji. Mume wangu akashuka, akaketi kwenye benchi karibu na malori, akamimina. Dereva mmoja wa lori akasimama kumtazama.

"Karibu kahawa," mume wangu akamwambia, kwa Kiswahili, akimnyoshea finjani kana kwamba yuko barazani kwetu.

Yule akaketi. Akaja mwingine. Wa pili alipoonja akakunja uso, wakacheka wote watatu. Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, na walizungumza mpaka basi likapona.

Mimi nilikuwa dirishani, miguu imevimba, nikamwona anajipiga goti kwa kicheko. Huku Minnesota sikuwahi kumwona hivyo. Utaketi nje na nani? Mtu anaingia gereji na gari lake, mlango unashuka nyuma yake, humwoni tena. Kiangazi kimoja mume wangu aliweka kiti mbele ya nyumba. Jirani akaja kumuuliza kama amefungiwa nje.

Sasa hayupo. Eda nimeimaliza, na binti yetu anakuja kutoka kwake Saint Paul na simu yake, ananifariji kwa picha za hoteli.

"Mama, tunarudi Ulaya. Paris, Roma, halafu tunaongeza Venice."

"Huko kuna nini?"

"Maji, Mama. Mji mzima uko juu ya maji!"

"Mimi nimezaliwa kisiwani. Nipande ndege nikaone maji?"

Akaguna. "Kwa hivyo hutaki kwenda."

"Nataka. Nipeleke pale basi lilipoharibika."

"Pale? Mama, come on! Ile ni gas station."

"Ndiyo hiyo hiyo."

"Hakuna mtu anaenda Ulaya kuona gas station."

"Basi nenda na hao watu wako. Mimi nitabaki na udobi wangu."

Akaweka simu mezani kwa hasira. Nikaona hajui ninachokitaka, maana siku ile alikuwa upande wa pili anagombana. Nikamweleza: benchi, finjani, madereva, kicheko cha baba yake.

"Baba alicheka?" akauliza.

"Mpaka kofia ikamwanguka."

Akaichukua tena simu, akaanza kutafuta barabara ile kwenye ramani. Alitafuta mpaka chai ikapoa.

"Basi halitatupeleka," akasema mwishowe. "Itabidi tukodi gari. Nita-drive mimi."

"Kodi."

"Na mnara wa Paris?"

"Nenda ukautazame, mwanangu. Mimi utanikuta benchini."

Chupa nimeshaitoa kabatini na finjani nimezifunga kwenye leso ile ile. Binti anasema uwanja wa ndege wanataka chupa iwe tupu. Sawa, nitaibeba tupu. Maji ya moto nitanunua huko huko, maana najua hata hayo wanauza.